Papa, namna ya kufika kwa psikologe bila kurudi nyuma kwenye mlango

Mara ya kwanza nilifika hadi kwenye mlango, nikasoma karatasi yenye walibandika pale, nikarudi. Nilijiambia mvua inakuja. Haikuja. Mara ya pili nilikaa kwenye benchi ya nje dakika kama 20, mama mmoja wa mtaa yetu akapita na ndoo akaniuliza "papa, uko mgonjwa?" nikamjibu nangojea mtu, nikasimama nikaenda zangu. Mara ya tatu njo niliingia. Kwa hiyo haya naandika kama mtu mwenye alikimbia mara mbili, mimi si munganga (daktari), na kama kuna fasi munganga wako anasema tofauti na mimi, umsikilize yeye.

Vitabu vinasema mwanasaikolojia, huku Bukavu, mashariki ya Kongo, tunasemaka psikologe, na wengine wanasema tu "ule mtu wa kuongea". Wote ni mmoja.

Kidogo juu yangu ili uelewe. Naishi Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, na mtu wa Kadutu anajua moto, nyumba za mbao zimeshikana bega kwa bega, jiko moja ikianguka mstari mzima unaenda. Yetu ilienda usiku, pamoja na mifuko miwili ya viatu vya mtumba nilivyonunua na pesa ya likelemba (mchango wa kupokezana), zamu yangu ilikuwa ndiyo imefika. Watoto wote walitoka, bibi yangu (mke wangu) alitoka, hakuna mwenye alikufa. Na hapo njo shida ilianzia, juu kila mtu alikuwa ananiambia "umshukuru Mungu, hakuna mwenye alikufa", na mimi nikaona basi sina haki ya kuumia. Miezi nane nilikuwa naamka saa nane za usiku naenda kunusa jikoni. Nanusa, narudi, nalala kidogo, naamka tena nanusa. Mchana napigia watoto kelele juu ya kitu kidogo sana, jioni niko kwenye kasiksi, pombe ya ndizi. Sikujua kama hiyo iko na jina.

Kabla ya yote: kama unawaza kufa

Hii siiweki mwisho juu kuna mtu atasoma mistari kumi tu na kufunga telefone. Kama uko unawaza kujimaliza, na zaidi kama tayari unawaza namna gani na siku gani, usifuate hatua zangu moja kwa moja. Leo hii usibaki peke yako. Chagua mtu mmoja, yaya, baba mdogo, rafiki wa kazi, umwambie kwa maneno wazi "nawaza kujiua, usiniache". Usimwambie "sijisikii vizuri", atakununulia bia ya Primus na mtaongea mpira. Kitu chenye ungetumia kujidhuru, mpe akiweke mbali na nyumba yako. Halafu akupeleke hospitali yoyote yenye iko na irjansi (huduma ya dharura), hata usiku, na aseme mlangoni kwa nini mmekuja. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema duniani wanaume wanakufa kwa kujiua zaidi ya mara mbili kuliko wanawake. Sisi njo tunanyamaza hadi mwisho.

Na kama wewe njo yule rafiki: kumuuliza mtu "unawaza kujiua?" haimpi wazo. Waganga wanakubaliana juu ya hiyo. Uliza.

Hatua ya 1: jua kama wakati umefika

Mwanaume hatasema "niko na huzuni". Atasema niko na mawazo mingi, kichwa inachemka, mgongo unauma, tumbo haitulii, sina nguvu. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda, wanasemaka machozi ya mwanaume yanatiririka kwenda tumboni, na mimi naona ni kweli kabisa, juu tumbo yangu njo ilikuwa ya kwanza kulia. Angalia basi hizi: usingizi umeharibika, hasira inakuja mbele ya neno, unakunywa ili ulale na si kwa furaha, unazunguka mjini hadi usiku ili usifike nyumbani, hautaki tena kuguswa na bibi yako ao unamtafuta kila saa kama dawa, kitu chenye ulipenda (kwangu mimi korali) hakikuambii tena kitu. Mtu akifunga mlango kwa nguvu unaruka.

Kipimo chenye wanatumia: kama huzuni ao kutotaka kitu chochote inakushika karibu kila siku kwa wiki 2, ni wakati wa kumuona mtu. Kama ni mambo ya vita ao moto ao kushikwa barabarani, na zile picha zinarudi zenyewe, na umepita mwezi 1 hazipungui, vilevile. Usingojee miezi nane sawa mimi.

Hatua ya 2: pimisha mwili kwanza, mara moja tu

Nenda kwenye santre ya afya ya karibu, wakupime tansio (presha), sukari, malaria. Kuna magonjwa ya mwili yenye yanaleta uchovu na kukosa usingizi, na psikologe mzuri atakuuliza kama ulipima. Lakini nasema mara moja. Mimi walinitibu tifoide mara tatu katika miezi minne, dozi juu ya dozi, na kila mara nilikuwa nafurahi juu tifoide ni ugonjwa wa heshima, unaweza kuisema kanisani wakuombee. Ya tatu infirmie (muuguzi) mmoja kijana aliangalia fishi yangu, karatasi ya mgonjwa, akaniangalia, akasema "papa, nyumbani kunaendaje?" Nilitaka kumpiga. Yeye njo alinionyesha njia.

Hatua ya 3: nani ni nani, na wako wapi

Hapa watu wanachanganya. Kuna munganga wa akili, psikiatre: huyo alisoma udaktari, anaweza kuandika dawa, na katika Kongo nzima ni wachache sana. Kuna psikologe: alisoma saikolojia kwenye chuo, haandiki dawa, kazi yake ni tiba ya kuongea. Kuna APS, asistanti wa saikolojia na jamii, wengi wao ni mama zetu na dada zetu wenye walifundishwa kusikiliza na kufuata mtu hatua kwa hatua, wanapatikana kwenye santre nyingi na kwenye projet za mashirika. Halafu kuna infirmie wa santre ya kawaida mwenye alifundishwa mambo ya akili. Usidharau huyo wa mwisho wala APS. OMS iliandika tiba fupi inaitwa PM+, ni mikutano 5 ya dakika 90, mmoja kila wiki, na waliitengeneza kusudi mtu mwenye si psikologe lakini amefundishwa vizuri aweze kuifanya: kupumua, kuchambua shida moja moja, kurudia vitu vidogo vyenye uliacha, na kutafuta watu wa kukushika mkono. Kwa wanaume wengi hiyo inatosha.

Fasi zenyewe. Bukavu kuna SOSAME, santre ya afya ya akili ya Mabruda wa Upendo, shirika la Kikatoliki, iko toka 1994. Najua, najua, mtaani ukitaja SOSAME wanacheka, wanadhani ni ya wale wenye wanatembea uchi sokoni. Mimi nilikuta pale kwenye baraza mwalimu na dereva wa fuso. Kuna Panzi pia, hospitali ya daktari Mukwege, ilianza 1999, mwenyewe akapata Nobel ya amani mwaka 2018, watu wanaijua juu ya wanawake lakini wanaume wenye walifanyiwa mabaya wanapokelewa pia, nitarudi hapo. Kama uko Goma, Mabruda hao hao wako na Tulizo Letu, na kuna hospitali ya HEAL Africa, na kuna Institut Living Peace ambayo kazi yake njo hasa sisi, vikundi vya wanaume wanakutana kila wiki wanaongea vita, hasira na nyumba zao, na mabibi wanaitwa kwenye baadhi ya mikutano. Lubumbashi Mabruda wako na santre ya Guislain, jina la munganga mmoja wa Ubelgiji wa zamani.

Na padri, pasta, shambre ya maombi? Enda. Mimi naenda. Lakini weka mpaka mmoja: mwenye atakuambia uache dawa ya munganga ili kuonyesha imani, ao ufunge siku tatu bila kula na wewe uko kwenye dozi, huyo umshukuru na urudi kwako.

Hatua ya 4: andaa sentensi moja

Kama utakumbuka kitu kimoja, kiwe hiki. Mimi naamini wanaume hawaogopi kutibiwa, wanaogopa sentensi ya kwanza. Mara mbili nilikimbia juu ndani ya kichwa nilikuwa napanga hotuba nzima, toka utoto, baba yangu, likelemba, moto, bibi, na hotuba ilikuwa kubwa kuliko mdomo. Hauhitaji hotuba. Hauhitaji hata jina la ugonjwa. Unahitaji sentensi moja yenye iko kweli na yenye unaweza kuitoa bila sauti kukatika.

Chukua kitu chenye kinaonekana, chenye hata jirani angeweza kukiona. "Silali toka moto." "Napigia watoto kelele na sijui namna ya kuacha." "Nakunywa kila siku na naanza kuogopa." "Bibi yangu aliondoka na sielewi siku zinaendaje." "Tangu nilipoteza kazi nakaa kitandani." Toka mwanzo wa 2025, vita ilipofika Goma mwezi wa kwanza na hapa kwetu mwezi wa pili, banki zikafunga, wanaume wengi wangeweza kutumia hiyo ya mwisho bila kubadilisha neno.

Na kama ni kitu kizito zaidi, unaruhusiwa kusema nusu: "Kuna kitu walinifanyia barabarani, leo sitakisema." Mtu mwenye anajua kazi hatakuvuta. Ataandika kidogo, ataenda pole pole.

Andika sentensi hiyo kwenye karatasi, siyo kwenye telefone tu, telefone inaweza kuzimika. Mimi siku ile nilikaa, yule mama mwenye alinipokea ndani akasema "karibu papa, nini kinakuleta?" nikafungua mdomo, hakuna kitu. Kavu. Nikatoa karatasi mfukoni, nyuma ya risiti ya inite (vocha ya telefone), imeandikwa na biki "naamka usiku kunusa moshi", nikamsukumia juu ya meza. Akasoma. Hakusema pole, hakusema Mungu ni mwema. Akaniuliza, "saa ngapi unaamka?" Nikasema saa nane. "Na ukishanusa, kuna moshi?" Hakuna. "Halafu unafanya nini?" Na hivyo tukaongea saa nzima, juu ya kunusa tu.

Hatua ya 5: mambo ya njiani

Piga telefone kwanza ama tuma mtu aulize siku za konsultasio na bei. Bei inabadilika sana: fasi zenye ziko na projet unaweza usilipe kitu, fasi zingine unalipa fishi na kila kikao. Uliza pia projet inaisha lini, siyo adabu mbaya. Najua watu wenye walifungua moyo wiki sita na siku moja wakakuta ofisi imefungwa, projet imeisha, APS amehamishwa. Kama unajua mapema, mnapanga.

Chagua randevu ya asubuhi kama unakunywaka jioni. Usinywe ile siku. Kama unaogopa kuonwa, mwambie motari (dereva wa pikipiki) akushukishe mbele kidogo ya lango, utembee. Nyumbani unaweza kusema "naenda hospitali juu ya usingizi", si uongo. Bibi yangu nilimwambia wiki ya tatu, akajibu "mimi nilidhani uko na mwanamke", na akacheka mpaka akalia.

Na uzime telefone ukiwa kwenye benchi. Mara ile ya pili nilikimbia juu ya mama mwenye ndoo, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naangalia telefone natafuta sababu.

Hatua ya 6: siku ya kwanza ndani

Dakika 45 hadi saa moja hivi. Kiti mbili, meza, mara nyingine sanduku ya karatasi za kufuta macho yenye utaiangalia kwa wasiwasi. Hakuna kulala kwenye kitanda kirefu sawa kwenye filme. Atakuuliza kazi, nyumba, usingizi, chakula, pombe, kama unawaza kufa. Anaweza kukupa karatasi ya maswali 9 yenye inaitwa PHQ-9, inauliza wiki 2 zenye zimepita, kila swali unajibu toka 0 hadi 3, jumla haipiti 27, na kuanzia 10 wanaanza kuiangalia kwa makini. Usijibu kama kwenye mtihani. Mimi swali la kufa niliweka 0 na nikarudi nikaweka 1, yule mama akaona nimefuta, akaniuliza polepole. Karatasi iliyofutwa ilisema mingi kuliko namba.

Uliza na wewe. Ulisomea nini? Tutaonana mara ngapi na kila siku gani? Nitalipa ngapi? Nani mwingine atasoma hii fishi? Hiyo ya mwisho ni kubwa. Siri ni sheria ya kazi yao, hawaendi kuambia bibi yako wala mwajiri wala pasta bila wewe kukubali. Iko na mipaka, na mzuri atakuambia mwenyewe mipaka hiyo siku ya kwanza: kama uko karibu kujiua, kama unataka kuua mtu, kama kuna mtoto yuko hatarini.

Je kama ni mwanamke mbele yako? Kwa Panzi wale asistanti wanaitwa mamans chéries, mama wapendwa, wazia mwanaume wa miaka 45 na mvi anasindikizwa kwa maman chérie. Unaweza kuomba mwanaume, hakuna kosa. Mimi niliomba, hakukuwa, nikakaa, na leo sijui kama mbele ya mwanaume mwenzangu singejaribu kuonekana mkubwa.

Hatua ya 7: kazi yenyewe

Watu wanafikiri utaongea tu hadi uchoke. Hapana, kuna kazi, na kazi nyingine ni ya nyumbani.

Aina moja inatokana na munganga wa Marekani anaitwa Aaron Beck, toka miaka ya 1960. Wazo lake ni kama hivi: kati ya kitu chenye kimetokea na chenye unafanya, kuna kitu unajiambia, haraka sana, na hicho haukioni. Nilinunua kaye (daftari) ya franga kidogo, nikachora mistari miwili, fasi tatu. Kilichotokea. Nilijiambia nini. Nilifanya nini. Wiki ya kwanza niliona ujinga. Nitakupa mstari mmoja wa kweli toka kaye yangu. Kilichotokea: bibi amesema "sukari imeisha". Nilifanya: nimepiga teke kiti, nimetoka, nimerudi saa tano. Katikati pakabaki peupe siku mbili. Yule mama akaniuliza, "alisema sukari imeisha, wewe ulisikia nini?" Nikakaa kimya muda mrefu. Nilisikia: *wewe si mwanaume tena.* Bibi alisema sukari. Toka siku ile neno sukari kwetu nyumbani limekuwa mchezo, nikianza kukunja uso anauliza "papa, ni sukari?"

Ya kunusa moshi tuliifanya tofauti. Nilikubali kuamka na kunusa mara moja, siyo mara tatu, wiki nzima. Halafu kubaki kitandani dakika 10 kabla ya kwenda, napumua kwa tumbo pole pole, kutoa hewa kuchukue muda mrefu kuliko kuingiza. Halafu kutoenda. Ile ya kutoenda ilinitoa jasho kuliko kubeba mizigo.

Kwa wenye walipita vita kuna tiba ya kamba, ilitoka chuo kikuu cha Konstanz, Ujerumani, na waliitumia hata Goma na wanaume wenye walitoka porini kuacha silaha. Unatandika kamba chini, njo maisha yako toka kuzaliwa. Unaweka ua fasi ya kitu kizuri, jiwe fasi ya kitu kibaya chenye walikufanyia, na kwa wenye walishika bunduki kuna kijiti, fasi ya kibaya chenye *wewe* ulifanya. Halafu mkutano kwa mkutano unasimulia jiwe moja moja, toka mwanzo hadi mwisho, uliona nini, ulisikia harufu gani, mwili ulifanyaje, na mwenye anasikiliza anaandika, anakusomea tena mkutano wenye unafuata. Mimi sikuifanya, rafiki yangu aliifanya. Aliniambia kitu kimoja tu: hakujua kama iko na maua mengi vile.

Na wanaume wenye walibakwa. Tuliseme, juu wako, na wananyamaza kuliko sisi wote. Kama imetokea sasa hivi, usingoje kuwa tayari kuongea: kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zenye lazima zianze kabla ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Fika hospitali, sema nusu sentensi, "nimeshambuliwa, nataka kit ya saa 72", wataelewa. Kama ni miaka imepita bado unaweza kwenda. Mwili wako kama ulifanya kitu chenye hukutaka wakati ule, ni mwili tu, haimaanishi ulikubali. Hiyo wanaume wengi wanaibeba peke yao miaka kumi.

Hatua ya 8: wiki ya tatu, ile yenye watu wanaacha

Ya kwanza unatoka mwepesi, unataka kuambia kila mtu. Ya pili bado. Ya tatu unatoka umevunjika, unasema huyu mama ananiharibu, nilikuwa sawa kuliko sasa. Hapo njo niliacha, wiki tano. Sikumjulisha hata. Niliporudi nilifikiri atanikaripia, akasema tu "tuliishia kwenye kiti". Kwa hiyo panga mapema: jiambie utaenda mara sita kabla ya kuhukumu. Ukiona mbaya zaidi, umwambie hivyo hivyo, "nimetoka hapa vibaya", hiyo ni sehemu ya kazi, anaweza kupunguza mwendo.

Lakini kuna sababu za kweli za kuhama. Nilijaribu mahali pengine kabla, sitaitaja, yule bwana alijibu telefone mara nne, halafu akaniambia "wewe ni kichwa cha nyumba, simama". Kichwa cha nyumba ilikuwa imeungua, bwana. Mwenye anakuhubiria, mwenye anataja siri za wagonjwa wengine mbele yako, mwenye anaomba pesa ya pembeni ao anakushika vibaya, toka. Tafuta mwingine, na usiseme tiba haifanyi kazi juu ya mmoja.

Dawa na pombe, kwa kifupi

Kama psikiatre ama munganga anakupa dawa ya mawazo mingi, ujue nyingi zinachukua wiki 2 hadi 4 kabla usikie tofauti, na madhara madogo yanakuja mbele ya faida, njo maana watu wanaacha siku ya tano. Usiache ghafla ukijisikia mzuri, uulize. Usichanganye na kasiksi wala kanyanga, ile pombe kali. Usinunue farmasi ya barabarani juu jirani alipona nayo.

Na mwenye anakunywa toka asubuhi, mikono ikitetemeka akikosa: usikate pombe siku moja peke yako nyumbani ili kuonyesha nguvu. Mwili umezoea, unaweza kuanguka na kifafa, unaweza kufa. Sema kweli kiasi chenye unakunywa, munganga apange namna ya kushuka.

Hatua ya 9: kumpeleka mwingine

Sasa hivi nimepeleka wanaume watatu. Usimwambie "wewe uko na shida ya akili", atakukimbia hata kabla ya lango. Mwambie "mimi niliendaka, kesho nakusindikiza". Msaidie kuandika ile sentensi, yake, siyo yako. Mlipe pikipiki ya kwenda kama unaweza. Ukae naye kwenye benchi, ongeeni mpira, bei ya mafuta, chochote, na mama mwenye ndoo akipita ni wewe wa kumjibu. Akiitwa, telefone yake ibaki na wewe.

Akitoka usimuulize alisema nini. Muulize kama amekula. Wa mwisho nilimngojea saa moja na nusu, akatoka macho mekundu, tukateremka kwa miguu hadi Nyawera bila neno, tukanunua mikate ya kukaanga ya mia tano mia tano, na kwenye ya pili akasema, "randevu ni Alhamisi ingine, utakuwa na nafasi?"